Sauti ya Shimoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha wote.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na digidigi mdogo aitwaye Siwema. Hakuwa na ndugu wa kucheza naye. Siku moja, akila majani karibu na shimo kuukuu lililochimbwa na mnyama muhanga, alisikia sauti nyembamba ikimwita kutoka chini. Ilimwambia kwamba nayo ni digidigi, yatima, haina rafiki. Siwema akaionea huruma. Akawa haachi kwenda, wanaongea, wanacheka.

Sauti ikamwuliza jina, akaitajia. Ikamwuliza anaogopa nini, akaieleza. Ikamwuliza siri yake, akakiri kwamba, ingawa wa rika lake wameshaacha, bado ananyonya. Na kila mara ilimalizia, "Usimwambie mama."

Kisha ikamtaka aende mtoni peke yake. Siwema akakataa. Hapo sauti ikageuka, ikawa nzito.

"Usipokuja, mwitu mzima utajua kwamba bado unanyonya."

Siku hiyo Siwema hakula. Alishika njia ya mtoni, akarudi. Akaishika tena, akarudi. Mwishowe akamwendea mama yake, akamweleza yote akitazama chini. Alingoja kugombezwa.

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu," mama alisema. "Mwenye kosa ni huyo anayekutisha."

Mama akawaita nyati, majirani zao, na watoto wote wa mwitu wakafuata nyuma. Huko mtoni, ndani ya matete, wakamkuta Fisi amejikunyata, anakohoa taratibu ili sauti yake iwe nyembamba. Nyati wakamzunguka. Fisi alipoona hana pa kupita, akatangaza kwa nguvu kwamba Siwema bado ananyonya.

Siwema alisikia masikio yakimwaka moto, lakini akainua kichwa.

"Ni kweli, nanyonya," alisema. "Na wewe nilikwambia siji."

Sungura mdogo akajipenyeza mbele. "Hata mimi aliniambia nisimwambie mama."

Mtoto wa ngiri akasema hata yeye. Kumbe kila mmoja alidhani yamempata peke yake.

Nyati wakamfukuza Fisi hadi ng'ambo ya milima, na shimo likafukiwa. Siwema, sungura na ngiri wakarudi nyumbani pamoja, wakiongea njia nzima.

Hadithi yangu imekomea hapo. Uliyeisikia, kamwambie mama.