Mwezi Uliomwandama Mwinyipembe

Nikiita, mniitikie. Asiyeitikia ana lake moyoni, na leo tutalijua.

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mwezi.
Mwezi wa nani?
Wa kila mwenye shingo ya kutazama juu.

Haya. Wewe unayetafuna muhogo, umeitikia kwa muhogo, lakini nitakuhesabia. Kaeni vizuri. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na walioimaliza, hadithi hii hawaijui. Kwa hiyo leo wao ndio wanafunzi.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa watu, kulikuwa na mji uitwao Mwangazo. Watu wa Mwangazo walikuwa na ada yao. Mwezi ukiandama, yaani ule mwembamba ukionekana mara ya kwanza jua likishazama, walitoka wote wakasimama kiwanjani. Kila mtu alitia nia moja ya mwezi huo, akaisema kwa sauti. Na mkononi alishika kile anachokwenda kukishughulikia. Wa kulima ameshika jembe. Wa kusuka mkeka ameshika ukindu. Wa kuacha tumbaku ameshika kiko chake, anakitazama, machozi yanamlengalenga. Mtu akisema nia yake, wenzake wanamjibu: "Tumekusikia." Basi. Hakuna faini, hakuna kiapo. Ila mwezi ukitimia duara, wanarudi palepale na kila mtu anaonyesha alichofanya.

Sasa katika mji huo alikuwako bwana mmoja, jina lake Mwinyipembe. Msinitazame mimi. Nimesema Mwinyipembe.

Mwinyipembe alikuwa fundi wa maneno. Angeweza kukusimulia jinsi alivyomkimbiza chui, na chui mwenyewe akisikia angeomba msamaha. Mkewe aliitwa Mwatime, mwanamke wa maneno machache, kwa sababu yale mengi yalikuwa yameshachukuliwa. Na nyumba yao ilikuwa ya makuti yaliyochoka. Ukilala chali unahesabu nyota. Ukinywa uji wakati wa mvua, bakuli haliishi.

Mwezi wa kwanza ulipoandama, Mwinyipembe alisimama kiwanjani na kuti moja mkononi. Akasema mwezi huu anaezeka nyumba yake upya.

"Tumekusikia."

Kesho yake akakata makuti, kweli alikata, akayatupa nyuma ya nyumba, akaingia ndani kupumzika. Mwezi ukatimia duara. Akaulizwa paa liko wapi. Akasema makuti bado mabichi.

Mwezi wa pili ukaandama. Akasimama na kuti lake. Akasema ataezeka nyumba na ataongeza baraza.

"Tumekusikia."

Mwezi ukatimia duara. Paa liko wapi, na baraza je? Akasema kamba za siku hizi hazina nguvu.

Mwezi wa tatu ukaandama. Akasimama na kuti lilelile, sasa limekauka mpaka linalia kama njuga. Akasema ataezeka nyumba, ataongeza baraza, na juu ya baraza atapandisha ghorofa.

Watu wakatazamana. Lakini ada ni ada. "Tumekusikia."

Mwezi ukatimia duara. Akasema ghorofa haiharakishwi.

Mnaona wenyewe: nia inapanda, paa linashuka. Na Mwatime alikuwa ameshahamisha kitanda mara tatu. Kwanza kilikuwa pembeni, pembe ikavuja. Akakipeleka katikati, katikati ikavuja. Akakipeleka mlangoni, na mlangoni nako kukavuja. Pembe kavu hazikubaki. Tena Mwatime alikuwa mja mzito, mimba ya miezi minane, na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya huko juu kama watu wanaosubiri kufunguliwa mlango.

Siku moja kabla ya mwezi wa nne kuandama, alimwekea mumewe chakula, akangoja ale, ashibe, anawe. Kisha akasema, "Mume wangu, mimi sizai mtoto kwenye dimbwi. Mwezi huu ukitimia duara na paa hili liko hivi, nakwenda kwa mama. Mtoto atazaliwa huko, na jina watampa huko."

Hapo Mwinyipembe aliguswa. Jina alikuwa ameshalitangaza mji mzima: Mwinyipembe wa Pili. Na alimpenda mkewe, msifikiri hakumpenda. Maneno yake yote yalikuwa ya kumpendeza yeye. Tatizo lilikuwa mikono. Akamwambia asiwe na wasiwasi, kesho atatia nia kubwa kuliko zote.

Mwatime akamwambia kesho asitie yeye. Kesho zamu yangu, alisema.

Jioni ya pili jua likazama. Kiwanjani watu wamejaa, shingo juu. Mtu akapaza sauti, "Umeandama," na kweli, ule pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Jembe likasema, ukindu ukasema, mwenye kiko akasema tena kama mwezi uliopita. Ikafika zamu ya Mwatime. Hakushika jembe wala ukindu. Alikuwa ameshika mkono wa kanzu ya mumewe.

"Nia yangu iko mkononi," akasema.

"Tumekusikia," watu wakajibu. Baadhi ya wanawake walikohoa. Mwinyipembe akavimba kifua, akadhani ni mahaba.

Wakawa wanarudi nyumbani, mume mbele, mke nyuma. Mwatime akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Mume wangu, wewe ni mtu wa maneno. Jua tunasema limechomoza. Nyota tunasema zimetoka. Mbona mwezi peke yake ndio tunasema umeandama? Unamwandama nani?"

Mwinyipembe hakujua. Lakini neno "sijui" lilikuwa halijawahi kupita kwenye meno yake. Wapo watu wa namna hiyo. Wengine wamekaa hapa, mmoja anatafuna muhogo.

"Unamwandama mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye makosa yake. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui. Makosa kama yapi? Labda kutia nia na kuiacha?"

"Hayohayo."

"Na akiacha nia moja tu, unamwandama?"

"Moja si kitu," akasema Mwinyipembe kwa sauti ya mwalimu. "Mwezi una subira. Mpaka zifike tatu."

Kisha akatembea hatua kumi bila neno, jambo ambalo hata mbwa wa jirani alilishangaa. Akaanza kuhesabu vidole. Nyumba. Nyumba na baraza. Nyumba na baraza na ghorofa.

Akautazama mwezi kwa pembe ya jicho. Akatembea, na mwezi ukatembea. Akasimama, na mwezi ukasimama. Akajificha nyuma ya mfenesi, akachungulia, na mwezi nao, kati ya majani, ukachungulia.

Akamuuliza mkewe kama anauona ukitembea. Mwatime akautazama sana. Akasema yeye hauoni ukimfuata yeye.

Mwinyipembe akatimua mbio. Alikimbia mpaka upande wa pili wa mji, nyumbani kwa shemeji yake, akafika anahema, akainua kichwa. Mwezi uko juu ya paa la shemeji, hauhemi hata kidogo.

Tangu siku hiyo akawa anaingia ndani jua likielekea kuzama. Lakini hakuweza kuacha kuchungulia. Siku ya kwanza ulikuwa ukucha. Siku ya tatu ukawa ndizi. Siku ya saba ukawa nusu chapati. Mwinyipembe akapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mtu mwenye hofu: kitu kikiwa mbali huwa kidogo, kikikaribia huwa kikubwa.

"Unakuja," akamwambia mkewe.

"Nani?" Mwatime alikuwa anachambua mchele.

"Hakuna."

Jioni hiyo, siku ya saba, mwezi ulikuwa utosini. Mwinyipembe akajilaza. Akahisi anatazamwa. Akatazama miguu yake, akaona duara dogo jeupe limekaa juu ya kidole gumba. Akainua macho: tundu la paa, na ndani ya tundu, mwezi. Umetia kidole ndani ya nyumba yake.

Akarukia juu ya kinu, akaliziba tundu kwa ungo.

Jioni ya pili, duara limekaa tumboni. Tundu jingine. Akaliziba kwa sufuria.

Jioni ya tatu alikuwa ameanza kusinzia, kinywa wazi kama kawaida yake, akashtuka. Mwatime ndiye aliyemwambia. Alimwambia kwa upole kabisa: "Mume wangu, umekuingia mdomoni."

Alifunga kinywa kwa nguvu mpaka meno yakalia. Akavua kanzu, akaziba nayo tundu la tatu. Kisha akatazama juu. Yamebaki matundu mangapi? Ndugu zangu, lile lilikuwa chujio, halikuwa paa. Na nguo zilikuwa zimekwisha.

Asubuhi, kabla ya jogoo kukohoa, Mwinyipembe alikuwa nyuma ya nyumba anafukuza kuku kutoka kwenye makuti yake ya nia ya kwanza. Yaliyooza akatupa. Akakata mengine. Akasuka. Mikono ambayo haikujua kazi ilichubuka, akafunga kitambaa, akasuka. Akapanda juu, akavua makuti ya zamani, akabana fito, akafunga kamba, zilezile kamba za siku hizi zisizo na nguvu. Wapita njia walisimama midomo wazi. Mmoja akamuuliza anafanya nini huko juu. Akajibu kwamba anapima mahali pa ghorofa. Hofu imemjaa, lakini tambo hakuziacha chini.

Siku tano. Siku ya kumi na nne, jua likienda kuzama, akafunga kuti la mwisho, akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango na kuti jingine akaliweka mlangoni kwa tahadhari.

Mwezi ukatoka duara, mkubwa, mwekundu, unakaribia kugusa minazi. Watu wakakusanyika kiwanjani kuonyesha. Huyu shamba, yule mkeka. Mwenye kiko alikuja nacho mdomoni, tuachane naye. Mwatime akaja peke yake, mikono mitupu. Wakamuuliza nia aliyoishika iko wapi.

"Iko ndani," akasema. "Imejificha."

Wakageuza shingo wote kuelekea nyumba ya Mwinyipembe. Paa jipya, la makuti mazito, limekaa kama kofia ya siku ya Idi. Walicheka mpaka mwingine akaketi chini. Kisha wakakumbuka ada, wakasema kwa pamoja: "Tumekuona."

Siku ya pili yake masika ikafungua mlango. Mvua ilipiga kutwa. Mwatime akaweka kitanda katikati ya nyumba, akalala chali, akasubiri. Halikudondoka tone. Mwinyipembe alikaa kando yake anasikiliza maji yakipita juu yakienda zake. Akamshika mkewe mkono. Mkono wake ulikuwa unakwaruza kama kumbi la nazi, na Mwatime hakuuachia.

Mnadhani alibadilika? Mvua ilipokatika akatoka nje, akaona mwezi umeanza kukonda. Akakusanya watu. Akawaambia: mnauona? Ulinijia, nikapambana nao usiku na mchana, sasa unakimbia, na kwa hofu unakonda. Watu wakamjibu, "Tumekusikia."

Mtoto akazaliwa nyumba kavu, nyumbani kwa baba yake. Alikuwa msichana, kwa hiyo Mwinyipembe wa Pili akaahirishwa pamoja na ghorofa. Wakamwita Mwanamwezi, akalia kwa sauti iliyomfanya baba yake, kwa mara ya kwanza, aombe nafasi ya kuzungumza.

Na mwezi wa tano ulipoandama, Mwinyipembe alikwenda kiwanjani mikono ameificha ndani ya kanzu. Mwatime akamtazama. Mume akaitoa. Akashika kidole cha mwanawe, akasema nia yake ni moja tu, baraza, dogo, la kumkalisha huyu. Kisha akautazama mwezi haraka, kuhakikisha umesikia vizuri kwamba ni dogo.

Hapo hadithi yangu ikafika, ikaketi. Ikiwa tamu, ulambeni mkono nilioishikia. Ikiwa chungu, ulaumuni mwezi, uko juu hausikii. Mimi nainuka. Kesho unaandama, na mwezi uliopita, na uliotangulia, na wa kabla yake, mbele yenu nyote nilisema narudi shule. Nani ana makuti ya kuniazima?