Kalunde na Maji Mekundu

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa mto!
— Pakawa maji!
Wa juu anywe?
— Na wa chini anywe!

Hapo kale, jamani, palikuwa na mto mmoja na vijiji viwili. Katika kijiji cha juu aliishi Kalunde, msusi wa mikeka, mikono myekundu hadi viwikoni. Alichemsha mizizi, akatia magadi, akachovya ukindu wake wa kusukia. Machicha ya rangi? Mtoni. Jirani zake nao hivyo hivyo. Matumbo ya mbuzi, mtoni. Majivu na maganda, mtoni. Mizoga ya kuku, mtoni. Ukiwauliza, wanakujibu: "Mto una miguu, utakwenda navyo."

Kweli ulikwenda navyo. Wapi? Hakuna aliyeuliza.

Binti yake Kalunde, Nyamizi, aliolewa kijiji cha chini, akajaliwa mtoto, Shija. Siku moja ikaja habari: Shija ameharisha siku tatu, na ya nne hakuamka.

Kalunde akashuka msibani akilia njia nzima. Alipofika, akateremka mtoni anawe uso. Akainama. Maji mekundu! Wekundu ule aliujua kama anavyolijua jina lake.

Aliporudi uani kwa binti yake, alikuta watu wamemzunguka mjane mmoja, kikongwe, jina lake Kabula.

"Mchawi ni huyu! Watoto watatu wamekufa mwezi huu! Afukuzwe!"

Kabula ameketi mavumbini.

Nanyi mnaonisikiliza, mngefanyaje? Walimtukana Kabula, Kalunde akanyamaza. Walimvuta mkono, Kalunde akanyamaza. Wakaokota mawe. Ndipo sauti ikamtoka:

"Mwacheni! Mama wa watu hana kosa. Rangi iliyo mtoni ni yangu. Uchafu ni wa kwetu. Sisi ndio tuliowanywesha."

Mawe yakaanguka chini. Nyamizi akainua kichwa.

"Mama, unasema nini?"

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimesema."

"Basi nirudishie mtoto wangu."

Ah, wenzangu! Maji yakimwagika hayazoleki.  Kalunde akarudi kwake.

Kesho yake akachimba shimo la machicha, mbali na mto. Kisha akaingia majini na tenga kuzoa taka. Akazoa.

"Kalunde, siku hizi unafua mto?" jirani wakacheka.

Kalunde akainama. Akazoa.

Siku ya pili akazoa, matope kiunoni. Mara akamwona Kabula anapanda kutoka kijiji cha chini, mkongojo mkono mmoja, ungo mkono wa pili.

"Nipishe na mimi," akasema kikongwe. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Siku ya tatu kicheko kikakatika. Mchinja mbuzi akaona haya, akaja na jembe. Mkewe akaja. Wengine wakaja. Hakuna aliyetumwa, hakuna aliyelipwa. Wakachimba mashimo ya taka, wakazoa, wakashuka na mto hatua kwa hatua, msimu mzima.

Walipofika kijiji cha chini, wakamkuta Nyamizi amesimama ukingoni na kikapu. Hakumwamkia mama yake. Aliingia majini, akasimama kando yake, akainama. Wakafanya kazi hivyo, bega kwa bega, hadi jua likawa la utosi.

Ndipo Nyamizi akasema, bila kumtazama:

"Shija alipenda kucheza hapa."

"Wapi, mwanangu?"

"Pale penye mawe."

Kalunde akaangalia pale penye mawe. Palikuwa pamejaa taka. Akajitwika tenga lake, wakaenda wote wawili, wakaanza kuzoa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, inyweni. Kama ni chungu, nitemeeni mimi, msiutemee mto.