Joho Lililokula Mavuno

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kanisa kuu lao lenye kengele, ndani yake palikuwa na viti kumi na viwili. Kila kiti kilikuwa na shamba lake, na mavuno ya shamba yalikuwa riziki ya kanoni, yaani padri mkubwa mwenye kiti hicho. Kazi yake? Kuimba sala asubuhi na jioni. Asipohudhuria, hapati kitu.

Lakini palikuwa na desturi moja ya ajabu. Joho la kanoni likiwa kitini, kanoni anahesabiwa yupo.

Mnacheka? Subirini. Kanoni Kiboko aliliweka joho lake kitini, akarudi zake matopeni. Nyuma ya kiti alimweka Pimbi, mjane mdogo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, amwimbie sala badala yake.

"Nitakupa theluthi ya kapu," alisema Kiboko.

"Kila wiki, Mheshimiwa?"

"Kila wiki! Mimi ni mtu wa Mungu."

Mtu wa Mungu, loo! Kila Jumamosi Pimbi alijitwika kapu la mtama, mgao wa Kiboko wa wiki, mpaka mtoni. Kiboko, hamu! hamu! hamu! hadi kapu tupu. Kisha anapangusa midomo. "Wiki ijayo, mama. Wiki ijayo bila shaka."

Ukaja ukame. Pimbi alikuwa na watoto wanne. Siku moja alikwenda mtoni na kapu limejaa kichwani, asidokoe hata punje, kwa kuwa aliaminiwa. Aliporudi nyumbani, kitindamimba wake alikuwa ameshakata roho.

"Pole sana," alisema Kiboko alipoambiwa. "Kesho usichelewe kengele."

Pimbi aligeuka, akaenda zake. Alimchukia kwa moyo wake wote, na mimi simlaumu.

Ikafika sikukuu ya mavuno, siku ya mgao mkubwa kuliko wote. Kiboko akaagiza, "Sala uimbe wewe, chakula nitakuja kula mwenyewe. Sikuamini."

"Vyema, Mheshimiwa," alisema Pimbi.

Asubuhi na mapema aliwaingiza watoto wake watatu ndani ya joho. "Mkisikia kapu limetua, kuleni. Msiseme neno."

Askofu Tembo akaanza kuita viti. "Kanoni Kiboko!"

"Nipoooo!" aliitika Pimbi nyuma ya kiti, kwa sauti nzito.

Kapu likatua, puu! Mara joho likatikisika. Kru-kru-kru! Mtama ukaingia, boga likaingia, asali ikaingia. Joho likavimba tumbo mbele ya kanisa zima.

"Jamani!" alinong'ona Kanoni Twiga. "Leo Kiboko ana njaa!"

Chubwi, chubwi, chubwi! Kiboko akaingia mlangoni na matope yake. "Mgao wangu uko wapi?"

"Si umekula sasa hivi?" alisema Twiga. "Tumekuona kwa macho yetu."

"Nimekula? Mimi ndiyo kwanza nafika!"

Pimbi akatoka nyuma ya kiti.

"Baba Askofu, muulize. Mwaka mzima, aliyekuwa kitini hapa ni nani?"

Kiboko akapiga hesabu. Akisema hakuwa yeye, amekiri kwamba hakuhudhuria, na kiti kinakwenda na shamba lake. Akisema ni yeye, basi ameshakula.

"Ni... ni mimi," alisema.

"Basi umeshiba, ndugu," alisema Tembo. "Kaa chini."

Watoto wakachomoka chini ya joho, vitumbo ndi! Tembo aliwaona, na makanoni wote waliwaona. Hakuna aliyethubutu kusema, maana siku hiyo majoho yasiyo na mtu yalikuwa saba.

"Na theluthi yangu ya mwaka mzima, Baba?" aliuliza Pimbi. "Ile ambayo ingemwokoa mwanangu?"

Tembo akatazama dari. "Mama, jina lako haliko kwenye kiti chochote."

"Sawa," alisema Pimbi. Akawashika watoto wake, akatoka. Nyuma ya yale majoho mengine sita wakatoka waimbaji wadogo, Panya, Kindi na wenzao, kila mmoja na njaa yake. Walihamia kwenye mawe ya mlimani, na huko pimbi anapiga kelele hadi leo, kwa ajili yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata kengele ikalia, ngo-o! Majoho saba yalikuwa vitini, yamepigwa pasi vizuri.

"Tuimbe," alisema Tembo.

Wale watano waliokuwepo wakatazamana. Miaka mingi walikuwa wakifumbua midomo tu na kuwaachia wadogo kuimba. Hakuna aliyejua hata ubeti mmoja.

Basi shikeni hili: ukimshindisha njaa anayekuimbia, siku akiondoka utabaki na joho tu.