Sinia ya Samaki Saba

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Desturi yao: bibi harusi hatoki kwao mpaka wakwe wapelekewe sinia ya samaki wa aina saba.

Mwanamize alikuwa anaolewa. Nyavu zikatupwa. Leo mwatiko. Kesho mwatiko. Keshokutwa, mwatiko tena!

"Mwatiko saba ni aina moja tu," mawifi wakamcheka. "Tandika mkeka ulale, harusi hakuna!"

Mwanamize akamkimbilia bibi yake, Bi Mwanatumu, machozi tele.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Si Jumbe Makame ameziba mlango wa hori kwa mawe?"

"Ndiyo, bibi. Samaki wasitoroke."

"Basi hawatoki. Na kuingia je?"

Wanaume walikuwa wakichimba kisima kando ya hori, Jumbe akiwasimamia. Bi Mwanatumu akashika kamba, akateremka mwenyewe. Watu wakashika vichwa! Akakwangua ukuta wa kisima, kwaru, kwaru, kwaru.

"Jumbe, chungulia! Huku chini kuna meno ya pono, mifupa ya changu, kila aina. Enzi hizo za kale hori lilikuwa wazi. Hapa katikati ni tope jeusi na mifupa ya mwatiko tu. Baadaye mchanga uliziba mlango. Juu yake, kila aina tena. Bahari ilirudi, na samaki wakarudi nayo."

"Bi mkubwa, mimi nawapenda samaki," Jumbe akajitetea.

"Unawapenda kama mume mwenye wivu!"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe naye akacheka, akaenda kung'oa jiwe la kwanza. Tubwi! La pili. Tubwi! Bahari ikaingia, shwaaa!

Bamvua la kwanza, yale maji makuu ya mwezi, likaleta tafi na chuchunge. La pili likaleta changu, chewa na taa. Pamoja na mwatiko, sita.

Asubuhi ya harusi, wa saba hayupo. Mwanamize hakungoja. Akaingia majini na hina yake mikononi, akatega wavu mlangoni mwa hori. Mara akasikia mdomo ukitafuna mwamba: ka! ka! ka!

"Pono, bibi! Pono!"

Sinia ikaenda kwa vigelegele, na bibi harusi akanuka samaki siku tatu. Mume hakulalamika.

Basi wenzangu, anayetaka samaki wengi wa namna nyingi awaachie njia yao, na akiisahau, akaulize ardhi. Hadithi yangu nimeitua hapo, kama sinia mbele ya wakwe.