Msomi Aliyetia Saini

Wapendwa, nitegeeni masikio kidogo. Akina mama wenye watoto huko nyuma mtanivumilia, maana neno hili limenikaba koo tangu Jumatano.

Alikuwepo msomi mmoja wa chuo kikuu. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja tu, kuchunguza biashara kati ya nchi na nchi, hasa ruzuku. Ruzuku mnaijua? Ni pale serikali ya nchi tajiri inapombeba mkulima wake, inamlipia chakula cha ng'ombe, inamlipia umeme, halafu yeye analeta maziwa mpaka huku kwetu kwa bei ya kutupa na bado analala usingizi. Msomi wetu aliandika juu ya hayo, akaitwa mikutano ya ng'ambo, akasifiwa. Wala hakuwa mtu mbaya. Hapo nisikilizeni vizuri: hakuwa mtu mbaya. Aliwahurumia wafugaji kwa moyo wake wote.

Mwaka mmoja akagundua jambo. Serikali ya nchi fulani ilikuwa imeongeza ruzuku ya maziwa ya unga maradufu. Akakaa na takwimu zake, jasho likamtoka. Aliona wazi kwamba kabla ya mwaka kuisha maziwa yale yatajaa bandarini kwetu, na viwanda vitaacha kununua ya mfugaji. Akaandika makala, akaituma kwenye jarida kubwa la wasomi. Wakamjibu kwamba wameipokea, wataalamu wao wanaipitia, asubiri. Makala hiyo ndiyo ingempa uprofesa. Basi akafunga mdomo, asije mwenzake akamuwahi.

Akiwa katika kusubiri, mdogo wake akaja kutoka kijijini. Baba mmoja, mama mmoja. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe watatu, akiuza maziwa kiwandani. Akakaa sebuleni na kofia yake magotini, akatoa karatasi.

"Shikamoo kaka. Lile shamba la migomba alilotuachia baba nimelipatia mnunuzi. Nataka ninunue mitamba minane, nijenge na banda. Kiwanda kinasema kitachukua maziwa yote. Lakini shamba la urithi haliuzwi bila mkubwa kukubali. Ukiona ni vema, weka saini hapa."

Msomi alijua! Angesema neno moja tu: mdogo wangu, usiuze. Lakini angeulizwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa bado siri. Jamani! Yule mfugaji angempelekea nani hiyo siri? Angewasomea ng'ombe?

"Biashara ina mambo mengi," msomi akasema. "Inategemea."

"Inategemea nini, kaka? Mimi sikusoma. Wewe ndiye macho yetu."

"Mungu atasaidia," akajibu, akachukua kalamu, akasaini.

Naona mnashika midomo. Subirini.

Makala ilitoka baada ya mwaka na nusu. Akapewa uprofesa, akapigiwa makofi, na yote aliyoandika yakawa yametimia kama alivyoyaandika. Akachukua nakala ya jarida akaenda kijijini kumwonyesha mdogo wake, na nisiwafiche, alikwenda kwa furaha. Kufika, banda tupu. Hakuna mtamba hata mmoja, wote waliuzwa kwa hasara kiwanda kilipoacha kununua maziwa. Mdogo wake amekaa mlangoni, amekonda. Shemeji mtu hakutoka hata kumsalimia.

"Pole sana, mdogo wangu," akasema. "Lakini tazama, haya yote niliyaona. Yamo humu." Akampa jarida.

Mdogo wake alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, hakuelewa kitu. Ila majarida yale, chini ya ukurasa wa kwanza, huandika siku makala ilipopokelewa, na tarehe haihitaji mtu awe amekanyaga chuo kikuu. Akaweka kidole.

"Kaka, hii ni siku gani?"

"Ni siku walipoipokea kwangu mara ya kwanza."

"Mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuja kwako mwezi wa sita."

Msomi akaitazama tena ile tarehe. Mtu aliyezoea kuhutubia mawaziri, amekamatwa kama mwizi! Miaka yote alijiona shahidi wa msiba wa wafugaji. Kumbe msiba wa nyumba hii una saini yake.

"Basi ulijua," mdogo wake akasema. Hakupiga kelele. Akamrudishia jarida lake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Haya. Tumeshamchapa msomi vya kutosha. Sasa sisi.

Sisi hatuna jarida, tunasubiri nini? Wewe unajua kijana anayemchumbia binti wa jirani ana mke mjini, na kwenye kikao cha mahari ulikuwepo, ukala pilau, ukapiga na vigelegele. Wewe unajua mwenzako kazini anazama kwenye pombe, unamwambia "pole na majukumu" na kupita. Na habari za uzima wa milele, wangapi tumeketi nao meza moja miaka tisa hatujawaambia hata neno? Tukibanwa tunasema Mungu atasaidia. Ndugu zangu, Mungu alishasaidia! Alikujulisha wewe! Msaada ulishafika, umeukalia.

Hasira zimenipanda, mnisamehe. Lakini najua ninapoongea hapa kuna jina limekujia kichwani, na unajitahidi kuliondoa. Usiliondoe. Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kupeana mikono na mtu. Piteni moja kwa moja, nendeni kwa huyo mtu, mkamwambie kabla nanyi hamjatia saini yenu.