Mshike, Mshike!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, aliishi Bi Kalunguyeye, mdogo kama ngumi, miiba mwili mzima. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyembishia hodi. Wote waliogopa kuchomwa. Jamani, upweke unauma!

Kila mchana alipika kunde za nazi, akatandika mkeka, akasubiri mgeni. Kila mchana akala peke yake.

Siku moja akachoka. Akasimama mlangoni, akapiga ukelele: "Mshike! Mshikeee!"

Lo! Mtaa mzima ukatoka mbio. Hakuna aliyeuliza ashikwe nani. Nyati akamkaba Kiboko shingo.

"Nimempata!"

"Niache, mimi jirani yako!"

Kiboko naye akadaka mkonga wa Tembo. Puu! Tembo akaangukia uzio. Vumbi, timtim!

"Mshike!"

"Mshike wewe!"

Huyu kapoteza kiatu, yule kachaniwa kanga.

"Ameingia kwangu!" akaita Bi Kalunguyeye. "Piteni ndani, piteni nyote!"

Wakajazana ndani. Waliona mkeka, sufuria inayofuka mvuke na sahani kumi zimepangwa.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza Nyati.

"Hayupo. Nilitaka wageni tu. Karibuni chakula."

"Ala! Kumbe unatuchezea shere!"

Wakaondoka wakisonya, mmoja mmoja, hata kijiko hawakugusa. Ndiyo maana mpaka leo fujo kama ile tunaiita mshikemshike. Lakini kilio cha Bi Kalunguyeye siku ile, mbele ya sahani kumi tupu, hakikupewa jina lolote.

Kesho yake, jua limeshapanda, akasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Bi Kobe, anahema.

"Shoga, jana nilisikia ukelele wako, nikaja mbio. Haya, yuko wapi huyo wa kumshika?"

Bi Kalunguyeye akacheka huku analia. Akailaza miiba yake yote, akanyoosha mkono.

"Nishike mimi."

Bi Kobe akamshika. Wakaketi mkekani, wakala kiporo cha kunde mpaka sufuria ikabaki nyeupe.

Basi wanangu, mkisikia jirani anapiga kelele bila sababu, nendeni mkambishie hodi.