Mgeni wa Sultani Badawi

Hapo zamani, enzi za masultani wenye majoho marefu na subira fupi, ulikuwapo mji uitwao Mtangani, na sultani wake akiitwa Badawi bin Shehe. Hakuwa mtu katili, hasha. Ila alikuwa mtu wa anasa, na katika anasa zote hakupenda kitu kama tausi. Basi mwaka ule akaazimia kuwajengea tausi wake jumba lenye vigae vya buluu na hodhi ya marumaru, na mwekahazina wake, Bwana Shekue, akawa hana kazi nyingine ila kutoa fedha za vigae.

Ikawa mwaka uleule homa ikaingia mjini. Nayo ilikuwa homa isiyo na haya: mtu huamka akicheka, jua likizama yu chini ya mashuka yote ya nyumba, meno yanagongana kama njuga. Ikaruka kifua hadi kifua. Mji mzima ulikuwa na kisima kimoja, watu wakibanana hapo asubuhi na jioni, na maji yake yalikwisha kuwa matope. Sabuni ikaadimika, na matabibu, walipoona hawana dawa wala ujira, wakafunga mizigo yao wakaenda zao.

Alikuwapo mjini humo mwanamke mmoja, Mwanamvua, mwimbaji wa arusini. Na kwa kuwa hakuna aoaye huku anatetemeka, arusi zilikoma, na Mwanamvua akawa hana mbele wala nyuma. Chungu chake kilifunikwa kifudifudi hata buibui akakihamia. Lakini ulimi wake haukufunga hata siku moja. Ikawa siku aliyolazwa dadake Zaituni, akiomba maji na maji hakuna, Mwanamvua alijifunga kanga kiunoni akasema, "Leo nitamwimbia Sultani, apende asipende." Akaenda moja kwa moja barazani.

Akamkuta Sultani Badawi amezungukwa na watu wake, anachagua rangi ya mapazia ya tausi. Mwanamvua akainama akasema, "Mola akuweke, Seyyid yangu. Raia wako wanakwisha. Twaomba hazina ifunguliwe, tupate visima, sabuni na matabibu."

Bwana Shekue akadakia, "Bibi we, hazina ya Mtangani hufunguliwa kwa mambo mawili tu, tangu enzi za mababu: gharama za Sultani na gharama za wageni wa Sultani. Homa haimo."

Naye Sultani akasema, "Tena homa gani hiyo? Mimi sijaiona. Kila anayeingia mji huu, awe mfalme au mchuuzi wa vitunguu, huja kunisalimu. Huyo Homa mbona hajaja?"

Baraza zima likacheka, maana Sultani akichekesha ni lazima kucheka. Mwanamvua naye akacheka, tena akawapita wote kwa sauti, hata Sultani akakunja uso.

"Wacheka nini, mwanamke?"

"Nacheka, Seyyid, kwa kuwa umesema kweli. Homa ametukosea adabu sote."

"Basi mlete!" akanguruma Sultani. "Ijumaa, baada ya sala, nimwone hapa uso kwa uso. Usipomleta, utanyolewa upara, upandishwe punda kinyumenyume, utolewe mji huu milele."

Mwanamvua akamwona akilini dadake Zaituni peke yake nyumbani, bila wa kumshika mkono. Ila akaumeza woga wake akauliza, "Na akija, Seyyid yangu, utampokeaje?"

Sultani akaupapasa mkufu wake wa dhahabu. "Mimi si bahili. Akija, atakuwa mgeni wangu. Alale atakapo, na gharama zote ni juu ya hazina."

"Kadhi amesikia?" akauliza Mwanamvua.

Kadhi Abubakari, mzee aliyekuwa akisinzia pembeni, akafungua jicho moja. "Nimesikia," akasema, akalifunga tena.

Basi Ijumaa ilipofika, watu wa baraza wakasikia zumari. Wakachungulia madirishani, na lo! Waimbaji wote wa arusini waliokuwa wazima wanakuja, kila mmoja mbali na mwenziwe, ngoma zinarindima, vigelegele vinapaa, na wapagazi wamebeba machela iliyofunikwa pazia jekundu. Mbele anacheza Mwanamvua, anapepea kitambaa na kupaza sauti: "Mpisheni! Mpisheni Mgeni Homa, anakwenda kwa Sultani!"

Machela ikatuliwa katikati ya baraza. Sultani akateremka kitini, ameshika upanga, akaagiza pazia livutwe. Likavutwa. Ndani mlikuwa na mto mmoja, tena hauna mtu.

"Mwongo!" akapiga kelele Sultani. "Mbona tupu?"

"Si tupu, Seyyid. Ndivyo lilivyo umbo lake, haonekani kwa macho. Lakini yumo, amejinyoosha juu ya mto. Kama sisemi kweli, mtu mmoja na aingie alale kidogo. Akitoka salama, punda yuko tayari, nami wembe nimekuja nao mwenyewe."

Sultani akageuka. "Shekue, ingia."

Bwana Shekue akarudi nyuma hatua, akarudi nyingine, akaikumbatia nguzo. "Seyyid yangu, leo mgongo wanisumbua."

"Amiri wa askari, ingia wewe!"

Amiri, aliyekuwa na makovu ya vita usoni, akasema ana nadhiri ya kutolala machelani. Mshairi wa Sultani alikwisha kuruka nje kwa dirisha, kilemba kimebaki juu ya kitasa. Huyu akajificha nyuma ya kapu, yule chini ya zulia, na askari wawili wakagombea mlango mmoja hata wakakwama ndani yake. Mwisho ikawa amebaki Sultani peke yake mbele ya mto ule. Akanyoosha mguu wake mmoja kuelekea machela. Akaurudisha.

Mwanamvua akauliza kwa upole, "Kadhi wangu, watu hukimbia mahali patupu?"

Kadhi Abubakari alikuwa amepanda juu ya meza na kanzu ameikusanya magotini, usingizi wote umemtoka. "Patupu hapakimbiwi," akahukumu. "Mgeni amefika, nasi sote ni mashahidi. Ahadi ya Sultani imekwisha kumfunga."

Mwanamvua akapiga kigelegele. "Basi, Seyyid, nakupa habari za mgeni wako. Ulisema alale atakapo, naye amelala katika nyumba zote za Mtangani. Kila alipo, anataka maji safi, uji, dawa, sabuni na tabibu, na wenyeji wake hawana. Gharama ni juu ya hazina."

Shekue akalia nyuma ya nguzo, "Na fedha za vigae?"

Sultani alikuwa angali anautazama mguu wake. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu, si ya Sultani, "Na mgeni huyu ataondoka lini?"

"Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Toa majembe, Seyyid, visima vichimbwe. Huyu ni mgeni wa ajabu: ukimnawisha mikono, hununa, ukikataa kubanana na wenzio, huaga."

Basi hazina ikafunguliwa. Visima vikachimbwa mitaa yote, matabibu wakarudi mbio kuliko walivyoondoka, na jumba la tausi likatandikwa vitanda vya wagonjwa. Tausi wenyewe wakaachwa barabarani, nao kwa hasira zao wakawa wakiwadonoa watu waliosongamana, hata Shekue akakiri kwamba wanafanya kazi. Walikuwapo waliozikwa kabla ya maji kufika, na Mtangani haikuwasahau. Lakini Zaituni alinyanyuka, akanywa uji, akalalamika hauna sukari, na Mwanamvua akalia kwa furaha.

Homa ilipokwisha, Sultani akamwita Mwanamvua mbele ya watu wote. "Niambie kweli," akasema. "Ndani ya machela ile alilala mgonjwa gani?"

"Hakulala mgonjwa, Seyyid. Ile ni machela ya maharusi. Niliiosha na kuianika juani mwenyewe. Mlimkimbia bibi arusi ambaye hajaolewa."

Sultani akamtazama. Midomo ikamcheza, mabega yakamtikisika, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka, na safari hii waliocheka naye walicheka kwa kupenda.

"Omba zawadi yoyote," akasema, akijifuta machozi.

Mwanamvua akainama. "Naomba tangu leo sisi wenyeji nasi tuhesabiwe wageni wako."

Kicheko cha Sultani kikakatika. Akainama, akaokota kilemba chake, akakishika mikononi muda mrefu. Kisha akamwambia Kadhi, "Iandikwe."

Hekaya imetua hapo. Mwenye kucheka acheke, na mwenye kukohoa akohoe kiwikoni.